Mtumba wa Mwanamkuu

Kamera ya Mwanamkuu ilikufa Jumatano asubuhi, mbele ya mteja, na wala haikufa kwa heshima. Ilitoa mlio kama mtu aliyemeza vibaya, lile pazia dogo la ndani likakwama nusu, na mteja mwenyewe, mama mmoja wa Mtawanya aliyejipaka wanja tangu alfajiri, akabaki anakitabasamia kitu kisichomwona.

"Tayari?" akauliza.

"Bado, mama."

"Sasa je?"

"Bado."

Baada ya robo saa mama wa watu alichoka kutabasamu. Akajitanda khanga yake, akaenda zake sokoni.

Kufika adhuhuri mtaa mzima ulishajua. Kibiti hiyo, habari haihitaji nauli. Watu wakapita barazani kutoa pole za kejeli. "Tumesikia msiba, maziko lini?" Kijana muuza chipsi ng'ambo ya barabara akapaza sauti: "Shangazi, si uipeleke makumbusho wakupe chochote?"

"Nitaipeleka pamoja na hayo mafuta yako," Mwanamkuu akamjibu, "maana yanalingana umri."

Watu wakacheka, kijana akacheka naye. Huyo mwanamke hajapata kuacha neno lipite bure tangu aote meno. Lakini alipoingia ndani na kulifunga pazia la studio, alikaa kwenye stuli ya wateja akaiangalia ile kamera mapajani, na uso wake haukuwa wa kucheka hata kidogo.

Mumewe, Mfaume, aliifungua juu ya gazeti kwa bisibisi zake ndogo. Mfaume alikuwa fundi wa mashine za boti, na kwa ufundi hakuwa na mpinzani: mashine iliyolala mtoni siku tatu aliweza kuitapisha maji mpaka ikanguruma. Alichungulia, akapuliza, akachokoa, halafu akaweka bisibisi chini taratibu.

"Mke wangu, hii imekwisha."

"Imekwisha kweli, au imekwisha ya mafundi?"

"Imekwisha kweli. Springi imekatika na meno yamelika. Sina pa kuyatoa mengine."

Zilibaki siku kumi na moja kufika harusi ya Mbuchi.

*

Mgeni atauliza: kamera ya mkanda ya nini, zama hizi ambazo hata muuza vitumbua ana simu yenye macho matatu? Basi akawaulize wanawake wa Mbuchi.

Siku ya kumfunua bibi harusi, kule deltani, wanaume wote hutolewa nje. Madirisha hufunikwa khanga, na mlangoni huwekwa beseni. Kila simu inayoingia inalala kwenye beseni hilo, iwe ya bei gani, na juu yake panafunikwa ungo. Humo ndani sasa wanawake huvua mabaibui, hufungua nywele, hucheza wanavyojua wao, na bibi harusi hufunuliwa uso na mabega na hina yake yote ikaonekana. Kamera inayovuka beseni ni moja tu, ya Mwanamkuu, kwa sababu ni ya mkanda. Yeye akisafisha picha kwenye chumba chake cha giza humkabidhi mama wa bibi harusi bahasha, na ndani ya bahasha zimo picha na zimo negativu. Kwake hakibaki kitu. "Mie sibaki na uso wa mtu," ndivyo asemavyo, na miaka ishirini na mbili hakuna aliyemkuta na hata nusu ya uso.

Mwaka juzi familia moja ilitaka mambo ya kisasa. Ikamwita Mudrick, yule mwenye duka la picha na kompyuta pale karibu na stendi, naye akatuma binti na kamera ya kidijitali. Mudrick aliapa kwamba picha zote zimefutwa kwenye memori. Mwezi haukwisha, mabega ya bibi harusi yule yakawa kwenye simu za waendesha bodaboda. Ndoa ilivunjika kabla ya mavuno. Tangu hapo, neno memori kwa wanawake wa Mbuchi limekuwa kama tusi.

Jioni ile ile Bi Zawadi, mama wa bibi harusi, alipiga simu.

"Mwanamkuu, nasikia mgonjwa wako kafa."

"Kafa, Bi Zawadi."

"Sasa?"

"Sasa natafuta mwingine."

"Wa mkanda?"

"Wa mkanda, mama. Wa nini tena?"

"Nakuuliza kwa sababu Mwanaharusi ndiye binti yangu wa pekee. Zikikosekana picha, bora zikosekane, nitavumilia. Lakini uso wake ukifika stendi, mie nitajitupa mtoni, mamba wanile."

"Picha utazipata, na stendi hazitafika. Nimekupa neno langu."

Alipokata simu ndipo akajiuliza neno hilo amelitoa mfuko gani.

*

Kaka mkubwa wa Mfaume aliitwa Hemedy. Nyumba ile ya barabarani aliijenga marehemu baba yao, na Hemedy, kwa kuwa alitangulia kuzaliwa, alijiona ametangulia kwa kila kitu. Chumba cha mbele, chenye mlango wa barabarani, kilikuwa studio ya Mwanamkuu tangu mzee yuko hai. Sasa Mudrick alikuwa anakitaka. Alitaka kufungua tawi, picha za haraka na huduma za pesa za simu, na alishamwambia Hemedy kodi atakayolipa. Kwa hiyo Hemedy aliposikia kamera imekufa, alikuja na uso wa msiba na macho ya harusi.

"Shemeji, mie sina ubaya," alisema akijikalia kwenye stuli. "Kamera nakununulia. Hela ya ufuta wa shamba la familia ipo. Lakini mpya! Tena ya dukani, yenye boksi na waranti. Sitaki ukoo wangu uchekwe kwamba tunatembea na mtumba. Kitu kilichotumika ni taabu ya mtu mwingine unaibeba wewe."

"Ahsante, shemeji."

"Na risiti itaandikwa jina langu."

Mwanamkuu akamtazama. "Jina lako la nini?"

"Mali lazima iwe na mwenyewe."

Mfaume akakohoa. Alikuwa mpole, ubaya wake ni huo tu. Mbele ya kaka yake aligeuka mtoto wa chuoni mbele ya maalimu wake. Mwanamkuu akasubiri akohoe tena, labda neno litatoka. Halikutoka.

"Haya," akasema. "Twende tukaione hiyo mpya."

*

Jumamosi walikuwa Kariakoo, yeye na Hemedy. Duka lilikuwa safi, lina kiyoyozi na vioo, na muuzaji, kijana aitwaye Ally, alikuwa na adabu zake isipokuwa moja: maneno yote alimwambia Hemedy.

"Hii hapa baba, mpya kabisa. Watu wengi hawajui kwamba kamera za filamu zinatengenezwa tena. Unavuta mkanda mwenyewe kwa dole gumba, manyuali. Waranti mwaka mzima."

"Unaona?" Hemedy akasema, akiishika kichwa chini miguu juu.

"Lenzi iko upande wa pili, baba," Ally akamwambia kwa upole.

Mwanamkuu akaichukua. Tusiseme uongo, ilimpendeza. Ilikuwa nyepesi, ilinukia upya, na ilimkaa mkononi. Katika maisha yake yote hajapata kushika kamera ambayo yeye ndiye wa kwanza kuishika. Ile iliyokufa aliirithi kwa marehemu mwalimu wake, naye aliinunua kwa mtu. Akavuta mkanda, akabonyeza, ikaitika vizuri. Moyo ukamwambia ichukue, uende zako nyumbani, na risiti iandikwe jina lolote wanalotaka.

"Mwanangu," akamwambia Ally, "hebu itoe betri."

"Betri ya nini, mama?"

"We itoe tu."

Ally akaitoa. Mwanamkuu akavuta mkanda, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kamera ilinyamaza kama imetukanwa.

"Bila betri haipigi, mama. Na nuru inajipimia yenyewe, kukiwa na giza inawasha flashi. Ni rahisi."

"Betri hii Kibiti ipo?"

"Kibiti..." Ally akajikuna shingo. "Unaweza kuagiza."

"Na ikiharibika, hiyo waranti inarudishwa wapi?"

"Nje. Kama miezi mitatu, minne hivi."

"Kwa hiyo bibi harusi wa Mbuchi akae na shela yake miezi minne."

Hemedy alikasirika. "Mbona unamhoji mtoto wa watu kama polisi? Mpya ni mpya! Kijana, funga, andika risiti. Hemedy."

"Usiandike," Mwanamkuu akasema.

Ally akabaki na kalamu hewani, hajui amsikilize nani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu waingie kumtazama mwanamke yule usoni. Akaifunika kalamu yake.

*

Mitaa miwili mbele, ghorofa ya pili, ndiko alikokaa Mzee Mwinyimvua, fundi aliyemuuzia Mwanamkuu mikanda na dawa za kusafishia miaka yote. Chumba kilijaa kamera zilizofunuliwa matumbo. Alisikiliza taabu yake, akainama chini ya meza, akatoa moja nyeusi ya chuma, rangi imechubuka pembeni mpaka shaba inaonekana.

"Nina hii. Imetoka kiwandani kabla hujaolewa."

"Na mimi je, nimetoka jana? Ilete."

Hemedy alisimama mlangoni kama mtu aliyeletwa kwenye choo cha watu. Mwanamkuu hakumjali. Aliifungua mgongo, akaielekeza dirishani, akachungulia ndani ya lenzi: ukungu, doa dogo la ukubwa wa mbegu ya ufuta, pembeni. Halitadhuru. Akaiweka sikioni, akaanza kubonyeza, kasi moja baada ya nyingine, macho kafumba. Ile ya pole ilihesabu sekunde yake nzima bila kusita. Ile ya kasi ilikata kavu. Kati na kati kulikuwa na moja iliyochechemea.

"Kasi ya thelathini inachelewa," akasema.

Mwinyimvua akatabasamu. "Nilitaka kuona kama utaisikia. Naisafisha sasa hivi. Tena nikwambie na mengine: mita ya nuru imekufa. Na sifongo za kuzuia mwanga mgongoni zimeoza, lazima uweke nyingine."

"Mita ni mimi mwenyewe. Sifongo tutajua."

"Kila kitu kinatembea kwa springi. Betri haina kazi humu."

"Bei?"

Mzee akataja. Haikufika hata nusu ya ile mpya, na wakavutana mpaka ikapungua zaidi. Hapo Hemedy akaingia kati.

"Mie hela ya ukoo sinunulii chuma chakavu. Umesikia, shemeji? Senti haitoki."

"Nimesikia."

Mwanamkuu akafungua fundo la khanga yake. Ilikuwa hela ya ufuta wa robo eka yake mwenyewe, aliyoipalilia kwa mkono, hela aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya bati za jikoni. Mvua za vuli zitamkuta na jiko linalovuja, basi litavuja. Akamwekea mzee mezani.

Hemedy hakusubiri wafike chini. Palepale ngazini akageuka. "Sikiliza. Kitu hicho kikikuaibisha Mbuchi, chumba cha mbele nakichukua. Studio basi. Namuita Mudrick."

"Na nisipoaibika?"

"Hutaweza."

"Nisipoaibika, shemeji, utanyamaza. Na utakuja kukaa kwenye ile stuli upigwe picha, ulipe, kama wateja wengine."

"Ewaa! Tumekubaliana."

Nyumbani, Mfaume aliomba kipande cha mahameli nyeusi kilichobaki kwenye baibui la mkewe, akakikata nyuzi nyembamba, akazigandisha moja moja kwenye mifereji ya mgongo wa kamera, mahali pa zile sifongo zilizooza. Ilimchukua siku mbili.

"Mwanga haupiti hapo," alisema akimkabidhi. Halafu akaongeza, macho chini: "Juzi nilikohoa tu. Nilitakiwa kusema."

"Ulitakiwa," Mwanamkuu akamjibu. Lakini alimtengea mkia wa samaki siku ile, na mkia ndio anaoupenda.

*

Boti ilipenya mikoko asubuhi, na saa nne Mwanamkuu alikuwa ndani kwa Bi Zawadi na mikanda miwili mfukoni. Hakubeba flashi. Beseni la mlangoni lilikuwa na simu thelathini na kitu. Ungo ukafunikwa, mlango ukafungwa, na madirisha yaliyofunikwa khanga yakabakisha mwanga kidogo, wa rangi rangi.

Alifanya kazi kwa jicho. Aliikadiria nuru kwa kuangalia kiganja chake mwenyewe, akafungua lenzi yote, akabana pumzi, akabonyeza. Hina ya Mwanaharusi ikichorwa. Singo ya manukato ikisuguliwa mwilini. Mabibi wawili wanacheza migongo wazi wakidhani hawajazeeka. Mwisho, lile lililongojwa: shela linafunuliwa, uso unatoka, mama mtu anaanguka kifuani kwa mwanawe analia. Picha tano za hapo. Vigelegele vikapasua paa. Mwanamkuu naye macho yalimlowa, akacheka, akaiweka kamera juu ya mkeka ili anywe maji.

Upande wa bwana harusi alikuwapo shangazi mmoja kutoka Mkongo, aitwaye Shufaa. Ndiye aliyepewa kazi ya kuhakikisha bibi harusi wao hapigwi picha za ovyo, na kazi yake aliichukulia kwa moyo wote. Alipekua mikoba mlangoni. Alimvulisha ushungi binti mmoja kutafuta simu ya pili, akaipata. Sasa alikiona kile kidude cheusi kimelala mkekani, mgongo wake mtupu, hauna kioo cha kuonyesha picha. Mwanamke aliyeonywa kuhusu memori miaka miwili mfululizo angewaza nini? Akakiokota, akakigeuza, akavuta kile kitufe cha pembeni. Mgongo ukafunguka.

"Memori imefichwa wapi humu?" akauliza kwa sauti.

Mwanamkuu aliruka na kikombe mkononi. Alimpokonya, akaubana mgongo ukafungika, lakini mkanda ulishaona mwanga.

"Umefanya nini? Shangazi, umefanya nini!"

"Natafuta memori. Wote mnasema hakuna, mie nahakikisha."

"Memori hakuna! Ni mkanda! Mkanda ukiona mwanga umekufa! Umewaua watu humu ndani, umemuua bibi harusi na mama yake!"

Ngoma ikakatika. Mwanamkuu akapiga hesabu ya mkanda ulivyojiviringa: za mwanzo ziko ndani kabisa, pengine zimepona. Za mwisho zilikuwa juu. Za mwisho ndizo za uso. Alimgeukia Bi Zawadi, na hakuficha.

"Za kufunuliwa zimeungua, mama."

Mwanaharusi alikuwa ameshafunikwa upya, shela mpaka kifuani, tayari kutolewa. Nje wanaume wakaanza kugonga. Maji yalikuwa yanakupwa, na mto ule ukikauka boti za bwana harusi zinakaa matopeni mpaka kesho. Katika sauti za nje aliisikia moja anayoijua. Hemedy alikuja na upande wa bwana harusi, na makelele ya ndani alishayadaka.

"Imeharibika, siyo? Nilisema! Mtumba huo! Shemeji, Jumanne nakuja na futi kupima chumba!"

Mtu mwingine angekaa chini akalia, na asingelaumiwa. Mwanamkuu alitoa mkanda uliojeruhiwa, akaufunga kwenye kitambaa cheusi, akapachika wa pili.

"Tunarudia," akasema.

"Kurudia!" bibi mmoja akashtuka. "Bibi harusi hafunuliwi mara mbili. Haijapata kutokea."

"Wala mgongo wa kamera haujapata kufunguliwa harusini. Leo yote yametokea."

Wakabishana, huku mlango unagongwa. Ndipo sauti ikatoka chini ya shela, sauti ambayo siku hiyo haitakiwi kusikika.

"Nifunueni," Mwanaharusi akasema. "Mie ndiye ninayeolewa. Nataka picha ya mimi na mama yangu. Maji yakikauka, wasubiri. Si mimi niliyeyakausha."

Bi Zawadi alilibeba beseni la simu, akaliweka nyuma ya mlango, akakaa juu ya ungo wake. "Anayetaka kutoka anipite hapa," akasema. Halafu akakumbuka kwamba yeye mwenyewe anatakiwa kwenye picha, akamketisha bibi aliyeshtuka mahali pake.

Mwanga ulikuwa umepungua, jua limehamia upande wa pili wa nyumba. Mwanamkuu alitazama kiganja chake, akatikisa kichwa. Shufaa, aliyekuwa amejikunyata pembeni, alimwona.

"Unataka nini? Niambie nifanye nini."

"Lete sinia la pilau, lile kubwa. Lisogeze kwenye ule ufa wa dirisha, liuelekeze mwanga usoni kwake. Na usitikisike."

Shangazi wa Mkongo alisimama na sinia kifuani, mikono imemkakamaa, jasho linamtoka, hakutikisika. Nje walipiga ngumi. Ndani walimfunua Mwanaharusi mara ya pili, na safari hii mama yake hakulia. Alimshika mwanawe mashavu, wakatazamana, wote wawili wana hasira na wanacheka. Mwanamkuu akaweka thelathini, ile kasi iliyokuwa ikichechemea, akabana pumzi.

Alibonyeza mara kumi na mbili. Boti ya mwisho ilisukumwa na watu matopeni, na Hemedy alikuwa mmoja wa waliosukuma.

*

Jumanne Hemedy alifika kweli, na futi ya chuma, na Mudrick nyuma yake kavaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

"Picha ziko wapi?" Hemedy akauliza.

"Zipo. Zimetoka."

"Zote?"

"Nane za mkanda wa kwanza ziliungua. Zilizobaki, na wa pili wote, zimetoka."

"Nionyeshe."

"Sikuonyeshi."

Hemedy akamgeukia Mudrick, akacheka. "Umesikia? Zimetoka, lakini hazionyeshwi!"

Bahasha ilikuwa hapo mezani, imefungwa, umbali wa mkono. Picha moja tu angeitoa, ile ya mama na mwana, na maneno yote yangekwisha, chumba kingebaki chake. Mwanamkuu alijua hivyo. Hemedy naye alijua, ndiyo maana alitabasamu.

"Hizi ni nyuso za wanawake wa watu wakiwa hawajajifunika," akasema. "Wewe na huyu mwenye miwani, hata mkikichukua chumba na paa lake, hamzioni."

"Basi hazikutoka. Mudrick, shika upande ule."

Mfaume alikuwa amesimama mlango wa uani, mikono ina grisi. Akakohoa. Mwanamkuu akafumba macho. Lakini safari hii neno likafuata.

"Kaka, chumba hiki baba alimpa Mwanamkuu kwa mdomo wake, nami nilikuwapo na wewe ulikuwapo. Pima upendavyo. Ukimaliza, zungusha futi yako uondoke nayo."

Hemedy, kwa kuwa hakutaka kuonekana ameshindwa, akaendelea kupima peke yake. Alipandisha kanzu, akauma ncha ya futi kwa meno, akajinyoosha ukutani kwa vidole vya miguu. Kofia ilimteremkia jicho moja. Hakusikia mlio mkavu wa kamera ubavuni pake, wala wa pili.

Alipoondoka kwenda kuswali adhuhuri alisema atarudi na kufuli. Mwanamkuu akaingia chumba cha giza.

Alasiri, Bi Zawadi na Shufaa walifika kuchukua bahasha yao. Wakaingia chumba cha ndani, wakafunga mlango. Kilisikika kilio cha mtu mmoja, kisha kigelegele kilichomtoa muuza chipsi kwenye karai lake. Hemedy na Mudrick walikuwa ndiyo kwanza wanapanda barazani.

Shufaa akatoka, bahasha imefichwa ndani ya baibui, akapita katikati yao bila salamu. "Kama si kazi ya mwanamke yule," akamwambia Bi Zawadi kwa sauti ya kusikika, "mie ningefia na dhambi."

Hemedy alilirusharusha kufuli kiganjani. "Wanawake hupiga vigelegele hata kwa sahani. Mie bado sijaona kitu."

"Utaona," Mwanamkuu akasema. Akampa bahasha ndogo, imefungwa. "Hii ni yako. Hakuna aliyeiona ila mimi."

Aliifungua akiwa amesimama. Ndani mlikuwa na picha moja, bado ina unyevu, na kipande cha negativu. Kila kitu kilionekana: mishipa ya shingo, kila unywele wa ndevu, meno yanauma futi, namba za futi zinasomeka mpaka sentimita, kanzu iko magotini, na jicho moja linachungulia chini ya kofia kwa tamaa isiyo na pa kujificha. Hemedy aliitazama muda mrefu.

"Vipi, imetoka?" Mudrick akasogea. "Hebu nione, mzee."

Hemedy aliibandika picha kifuani, upesi, kwa mikono miwili.

"Haikuhusu!" akafoka. "Uso wangu huu, uuone wewe wa nini?"

Mfaume akaangalia pembeni. Mwanamkuu hakucheka, ingawa Mungu anajua ilimgharimu.

"Na hiyo ni negativu yake," akasema. "Kaiweke utakapo, kaichome, shauri lako. Mie sibaki na uso wa mtu."

Hemedy akairudisha bahashani, akaitia mfuko wa ndani wa kanzu, akaukandamiza. Akashuka ngazi ya baraza. Kufuli lilikuwa bado mkononi mwake, halina mlango.

"Shemeji," Mwanamkuu akamwita.

Akageuka.

"Elfu tano. Kama wateja wengine."